Kabla hujabadilisha nembo, isome pakiti yako kwa sauti (Sehemu ya 4)

 

Kwenye sehemu tatu zilizopita tuliongelea mtoto anayeanza kula: aanze lini, uji uwe mzito kiasi gani, na kwa nini kurundika nafaka nane kwenye unga mmoja hakumsaidii mtoto. Baada ya hapo inboksi ikafurika. Cha ajabu, wengi hawakuuliza habari za kulisha, waliuliza habari za kuuza. "Nesi, nasaga unga wa lishe nyumbani, nataka kubadilisha nembo, unanishauri rangi gani?" "Nesi, stika yangu iandikweje ili ivutie?"

Basi leo naongea na wewe unayeuza unga wa lishe. Na wewe unayenunua usipite, hii inakuhusu sana.

Msimamo wangu ni huu: kabla hujalipia nembo mpya, kagua maneno yako. Kwenye chakula cha mtoto, chapa yako ni kile mama anachoelewa akishika pakiti yako, na kama atakikuta kilekile akirudi kununua mwezi ujao. Rangi zinakuja baadaye. Ukiuza vitenge na maelezo yako yakawa ya kuchanganya, mteja atakasirika, utamrudishia hela yake, yataisha. Ukiuza unga wa mtoto na maelezo yakawa ya kuchanganya, anayelipa ni mtoto ambaye hata kuongea hajaanza.

Mimi siuzi unga, na sitangazi wa mtu. Ninachokijua ni kile ninachokiona wodini na kliniki, mama anapofungua mkoba na kunionyesha anachompa mtoto. Pakiti nimezisoma nyingi. Kuna zilizoandikwa vizuri hadi nikafurahi. Na kuna zenye nembo ya kung'aa kweli, ukizigeuza nyuma hujui hata ndani kuna nini.

Twende hatua kwa hatua.

*1. WEKA KILA KITU MEZANI*

Usianze kwa kuwaza. Anza kwa kukusanya. Chukua pakiti yako moja, stika zako, picha unazoweka kwenye stetasi ya WhatsApp, posti zako tatu za mwisho, ujumbe unaowatumia wateja wanaouliza bei, na ile sauti unayorekodi kuelezea namna ya kupika. Weka vyote pamoja, kisha uvisome kwa sauti kama mtu asiyekujua.

Utashangaa. Stika inasema "kuanzia miezi 6". Posti ya mwezi uliopita inasema "kuanzia miezi 4". Kwenye sauti unasema "hata wa miezi mitatu anakula tu, inategemea na mtoto". Hapo una majibu matatu kwa swali moja, na mama atachagua lile analolipenda. Kama mtoto wake wa miezi minne analia usiku na bibi yake anasisitiza kuwa maziwa hayamtoshi, unadhani atachagua lipi?

*2. UMRI: SEMA KITU KIMOJA KILA MAHALI*

Hapa sina mjadala. Miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama pekee, hata maji hapana, isipokuwa dawa zilizoelekezwa na mtaalamu wa afya. Akifikisha miezi 6 anaanza chakula cha nyongeza, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 na zaidi. Mama mwenye sababu ya kiafya ya kufanya tofauti anaelekezwa na wahudumu wa afya. Haelekezwi na stika.

Kwa hiyo pakiti yako iandike: "Kwa mtoto kuanzia miezi 6. Endelea kumnyonyesha." Sentensi mbili tu. Ziwe hivyohivyo kwenye stika, kwenye posti, kwenye sauti, na kwenye mdomo wa mtu anayekusaidia kuuza.

Hili halikutoka kichwani kwangu. Mwaka 1981 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za kudhibiti utangazaji wa vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama. Mwaka 2016 ukaja mwongozo kuhusu vyakula vya nyongeza, unaotaka visitangazwe kwa mtoto wa chini ya miezi 6, si kwa maneno wala kwa picha.

Sikia hapo kwenye picha. Umeandika miezi 6, halafu juu yake umebandika kichanga kilicholala chali, hata shingo hakijakaza. Picha imeshasema na maandishi yamenyamazishwa. Mama asiyejua kusoma vizuri anafuata picha. Kama lazima uweke mtoto, weka anayekaa mwenyewe. Ukiniuliza mimi, weka bakuli la uji mzito na kijiko, inatosha. Na picha za watoto wa watu ulizozitoa mtandaoni ziache. Yule mtoto wala hajawahi kuonja unga wako.

*3. ANAYEPIKA SI ALIYENUNUA*

Hili ndilo wauzaji wengi wanalisahau. Aliyenunua ni mama yuko kazini, alikuona stetasi, akatuma hela, bodaboda akaleta mzigo nyumbani. Anayepika ni dada wa kazi, au bibi, au baba aliyeachiwa mtoto Jumamosi. Huyo hakusikia sauti yako. Hakuona video yako. Anacho kile kilichoandikwa kwenye pakiti, basi.

Sasa soma maelezo yako ukiwa kwenye viatu vya huyo dada. "Pika kama uji wa kawaida." Kawaida ya wapi? Uji wa kawaida kwa wengi ni ule wa kunywa kwenye kikombe, mwepesi. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza uji mwepesi umelijaza maji, ameshiba, na chakula hajapata. Uji wa mtoto unatakiwa uwe mzito kiasi kwamba ukiuchota na kijiko ukakiinamisha, haumwagiki haraka.

Andika hivi: "Koroga unga kwenye maji ya baridi kikombe kimoja. Ongeza maji vikombe viwili. Chemsha huku unakoroga kwa dakika kadhaa." Idadi ya vikombe na dakika zipange wewe mwenyewe baada ya kuupika unga wako zaidi ya mara moja, maana kila unga una tabia yake. Na ukisema kijiko, sema kijiko gani. Kijiko cha chai na kijiko cha chakula ni vitu viwili tofauti, na vijiko vitano vya hiki si vitano vya kile.

Eleza na mara ngapi kwa siku. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anakula mara 2 hadi 3. Wa miezi 9 na kuendelea ni mara 3 hadi 4, na vitafunwa katikati akihitaji. Na usimfanye mama aamini kwamba uji wako ndio mlo wa asubuhi, mchana na jioni hadi afikishe miaka miwili. Mtoto anahitaji pia mboga, matunda, mayai, samaki, nyama, maharage. Kuandika "Mpe pamoja na vyakula vingine" hakukupunguzii wateja.

*4. MANENO YA DAWA YATOE*

Hapa ndipo ninapokasirika, mnisamehe.

"Unatibu utapiamlo." "Unaongeza damu ndani ya siku saba." "Unaongeza akili." "Mtoto anatembea haraka." Nani kakuambia? Umempima nani?

Nitakwambia linavyotokea. Mama anaona mtoto amepungua, amekosa raha, hataki kula. Anasoma pakiti: unatibu utapiamlo. Ananunua kilo mbili, anampa wiki tatu. Kisha miguu inaanza kuvimba, na yeye anafurahi: mwanangu ameanza kunenepa! Anapofika kwetu mtoto amechoka kabisa. Miguu yote miwili ikivimba na ukibonyeza kidole kikaacha shimo, huyo yuko kwenye hatari kubwa, na tatizo lake halitibiwi kwa uji. Vivyo hivyo mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye utepe wa kupimia mkono unasoma chini ya sentimita 11.5. Ana vyakula maalumu vya tiba ambavyo kituo cha afya kinampa kwa kipimo, na wengine wanahitaji kulazwa.

Yule muuzaji hakukusudia ubaya. Aliiga maneno kwenye pakiti ya mwenzake. Lakini maneno yale yalimchelewesha mama wiki tatu, na wiki tatu kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali ni nyingi mno.

Unga wako ni chakula. Uite chakula. Chakula kizuri ni heshima ya kutosha.

Na hili la "umependekezwa na wataalamu wa afya" liondoe pia, labda uwe na kibali cha mamlaka husika. Ule mwongozo wa 2016 unalikataza. Ndiyo maana wanaoniomba nivae sare nishike pakiti nipige picha, huwa nawajibu hapana kwa upendo. Sare yangu haijaupima unga wako.

*5. JINA LILELILE, UNGA ULEULE*

Tuseme mama amenunua kwako, mtoto ameupenda, amerudi. Anastahili kukuta kitu kilekile. Karanga zikipanda bei, wengine wanapunguza karanga na kuongeza mahindi, jina linabaki "Lishe ya Karanga". Soya ikikosekana, wanaweka kunde. Siku nyingine wanatia maziwa ya unga kidogo "kuboresha", bila kusema.

Kwako ni mabadiliko madogo. Kwa mtoto ambaye karanga au maziwa humtoa vipele na kumbana kifua, ni safari ya hospitali usiku. Mama alisoma pakiti ya kwanza, akaridhika, ya pili hakuisoma tena kwa sababu jina ni lilelile. Alikuamini. Ukivunja imani hiyo kimya kimya, hata nembo ya milioni haiirudishi.

Kwa hiyo andika viungo vyote, ukianza na kile kilicho kingi kuliko vingine. Kama kuna karanga, soya, ngano au maziwa, yaandike wazi yaonekane. Mapishi yako yaandike kwenye daftari kwa gramu, na mizani iwe ya kweli. Usipime kwa kisado halafu ukaandika kilo. Ukibadilisha mchanganyiko, badilisha na jina, au bandika stika inayosema "mchanganyiko mpya", na uwaambie wateja wako wa zamani.

Na namna ya kuandaa isibadilikebadilike. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kutumia protini yake, ndiyo maana lazima ipitie moto kwanza, ichemshwe au ikaangwe, kabla ya kusagwa. Kama mwezi huu umeichemsha na mwezi ujao una haraka ukairuka hatua hiyo, pakiti ni ileile lakini unga si uleule. Mashine nayo: kama unasagisha mtaani, uliza aliyekutangulia kasaga nini. Kama alisaga karanga, zako "zisizo na karanga" zimeshachanganyika.

*6. TAREHE NA NAMBA*

Pakiti isiyo na tarehe ya kusagwa na ya mwisho wa matumizi, mimi simshauri mama ainunue. Na tarehe ya kalamu inayofutika ukishika kwa mkono wa jasho, hiyo ni sawa na hakuna. Tafuta mhuri mdogo au kalamu ya wino wa kudumu.

Ongeza namba ya bechi. Unaposaga tarehe fulani kwa gunia fulani, ipe namba, kisha andika kwenye daftari: gunia limetoka wapi, pakiti zimekwenda kwa nani. Kwa nini? Sumukuvu. Hii ni sumu inayotokana na fangasi wa kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Huwezi kuiona kwenye unga, na kuchemsha uji hakuimalizi. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na wengine wakapoteza maisha. Chambua punje mbovu, kausha vizuri, usinunue mzigo wenye ukungu kwa sababu ni wa bei poa. Na ikitokea umegundua gunia lilikuwa na shida, ile namba ndiyo itakuwezesha kuwapigia watu kumi na wawili badala ya kukaa unaomba Mungu kwa ajili ya wateja wako wote.

*7. JINA MOJA*

Ukurasa unaitwa jina moja, stika ina jina lingine, na nikilipa kwa simu linatokea jina la duka la vifaa vya ujenzi la shemeji yako. Mteja anasita, na ana haki. Zaidi ya hapo, mtoto akipata shida, mama anahitaji kukupata. Namba ya simu iliyoko kwenye pakiti iwe inapatikana, na ipokelewe na mtu anayeujua unga.

Jina la biashara linasajiliwa BRELA. Ubora wa chakula ni TBS, tangu 2019 kazi hiyo ilipohamia kwao. SIDO wapo kwa ajili ya wajasiriamali wadogo kama wewe, kwa mafunzo ya usindikaji na vifungashio na kukuelekeza kwa hao wengine. Alama ya TBS usiibandike kabla hujapewa leseni ya kuitumia. Ni kosa kisheria, na ni uongo kwa mama anayeitegemea hiyo alama.

*"NESI, MTAJI SINA"*

Najua. Wengi mmeanza biashara hii mtoto akiwa mgongoni, ukaanza na kilo tano, na hiyo hela ndiyo inalipa ada. Siwabezi hata kidogo. Mama anayesaga unga safi mtaani kwake anasaidia watoto wengi ambao wasingepata chochote cha maana.

Lakini hebu rudi juu uhesabu. Kusema umri mmoja kila mahali ni bure. Kufuta "unatibu" ni bure. Daftari ni hela ndogo. Stika nyeusi na nyeupe iliyochapwa stesheneri, yenye maneno yanayosomeka, inamlinda mtoto kuliko pakiti ya rangi nne isiyo na tarehe. Ile hela uliyotenga kwa nembo, nunua mizani kwanza. Nembo itakuja, na itakuja kukaa juu ya kitu cha kweli.

Wengine mtaniambia, "Nesi, nikiandika ukweli mtupu, mwenye maneno makubwa atanizidi." Anaweza kukuzidi mauzo ya kwanza, sibishi. Lakini unga wa mtoto ni biashara ya kurudi. Mama hununua mara moja kwa sababu ya posti, mara ya pili na kuendelea kwa sababu ya mtoto. Na akina mama tunavyoongea kwenye foleni ya kliniki, mnajua wenyewe.

*KAZI YA LEO*

Mpe pakiti yako mtu ambaye hakujui na hajawahi kukupikia unga wako. Usimwelekeze kitu, wala usimsaidie akikwama. Muulize mambo sita:

– Hiki ni nini, na ndani kuna nini?
– Ni cha mtoto wa umri gani?
– Utakipikaje?
– Kimesagwa lini, kinaisha lini?
– Mtoto akikataliwa na kitu fulani, kwa mfano karanga, utajuaje kama kimo?
– Ukiwa na tatizo utampigia nani?

Palipo na kigugumizi, hapo ndipo pa kurekebisha. Ukimaliza, fungua posti zako na stetasi, hakikisha zinajibu vilevile. Rudia zoezi hili kila unapochapa stika mpya na kila unapobadilisha mchanganyiko.

Na wewe mnunuzi, maswali hayohayo sita uliza pakiti iliyoko jikoni kwako sasa hivi. Ikishindwa kujibu matatu, mpigie aliyekuuzia umuulize kwa upole. Muuzaji mzuri atakushukuru.

Mwenye mtoto anayevimba miguu, aliyepungua ghafla au anayekataa kula kabisa, usisubiri sehemu ya tano wala usiniandikie inboksi kwanza. Chukua kadi yake, nenda kituo cha afya leo.

Sehemu ya 5 tutaongelea chupa, kikombe na kijiko: kipi kinamletea mtoto kuharisha. Mtumie posti hii dada unayemjua anayeuza unga.